Tulimzushia kifo bibi ili watoto wapate ruhusa shuleni, sasa tunataka kwenda tena kumwona

Mama Wawili Tbr

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba msome mpaka mwisho ndo mjibu, hii kitu nimeiandika na kuifuta mara nne.

Mimi naishi Tabora mjini, ni fundi cherehani, nina watoto wawili. Baba watoto ni dereva wa lori, anabeba tumbaku kutoka maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kupeleka Morogoro kiwandani. Mtu anayeijua tumbaku anajua msimu wake hauendani kabisa na likizo za shule. Watoto wakifunga mwezi wa sita ndo masoko yamechanganya, mwanaume anaweza kulala nyumbani siku tatu kwa mwezi. Wakifunga Desemba anapeleka mbolea vijijini maana watu wanapanda. Likizo yake anapewa Februari, majani yakiwa bado shambani. Kwahiyo tukitaka kusafiri wote wanne, ni Februari au hatusafiri, na Februari watoto wako darasani.

Mama yake baba watoto yuko Ujiji, Kigoma. Ana miaka sabini na kitu, miguu imevimba, kupanda treni hawezi tena. Yeye ndo bibi pekee waliobaki naye, mama yangu mimi alishatangulia kabla hata sijaolewa na walimu wanajua.

Sasa mwaka juzi binti yetu akiwa darasa la tatu tulitaka tumpeleke wiki mbili. Nikaenda shuleni kuuliza utaratibu, mtu mmoja pale (simtaji na shule siitaji) akanivuta pembeni akaniambia mama usijisumbue kuandika safari watakuzungusha, andika msiba, msiba hauulizwi. Nikamwambia mzee wangu, baba watoto, usiku, akasema si uandike basi. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, amefiwa na bibi yake mzaa baba huko Kigoma. Ruhusa ikatoka siku hiyohiyo na pole juu.

Stesheni nikawakalisha watoto kwenye mabegi nikawafundisha, mtu akiuliza semeni bibi amefariki. Mdogo alikuwa na miaka mitano. Akaniangalia akaniuliza, mama, kwahiyo tukifika tutamkuta amefariki? Nikamwambia hapana tutamkuta mzima, ni vya shuleni tu. Akauliza tena, na tukirudi? Sikumjibu, treni ilikuwa imeshapiga honi.

Safari ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Ila tulivyorudi, siku ya kwanza binti kaenda shule, karudi saa nane akapita moja kwa moja chumbani. Nikamfuata. Kashika karatasi ya daftari imekunjwa kama bahasha, ndani sarafu za mia na hamsini hamsini, jumla elfu nne na mia mbili. Darasa lilimchangia rambirambi. Kiongozi wa darasa aliandika majina yote kwa penseli, fulani 100, fulani 50, fulani 100, na mmoja chini kabisa kaandikiwa "penseli 1", na penseli yenyewe ilikuwemo, imechongwa tayari. Huyo hakuwa na hela akatoa penseli yake.

Mtoto ananiuliza mama nifanyeje, walikuwa wanalia na mimi.

Hela sikuzirudisha. Niliona aibu. Karatasi ipo mpaka leo kwenye kopo la vifungo.

Na kuna kingine kinaniuma kuliko hata hela. Huyu mtoto aliliona ziwa kwa mara ya kwanza maishani, alipanda boti, alikula migebuka ufukweni, na hakuweza kumsimulia mtu hata mmoja. Maana alikuwa "msibani". Ananiambia kuna siku mwalimu aliuliza nani ameshawahi kuliona ziwa Tanganyika, akashusha macho. Tulimpeleka safari hafu tukamnyang'anya.

Sasa yuko darasa la tano, mdogo wake la pili. Likizo ya baba yao ni Februari tena. Bibi anapiga simu kila Ijumaa anauliza mnakuja lini. Mwalimu wa darasa la tano ni yuleyule aliyekuwa naye la tatu. Naandikaje barua ya kwenda kumwona bibi ambaye kwenye faili lao amekufa? Na hata nikiacha hilo, ni sawa kweli kumtoa mtoto shule wiki mbili kwa ajili ya kutembea?

Nawasilisha.

---

Kandambili

Dada usiumize kichwa. Andika ni bibi mwingine. Mdogo wake bibi naye si bibi? Kwetu mama mdogo wa baba ni bibi kabisa. Hapo hujadanganya mtu.

---

Bani la Urambo

Kandambili usimpotoshe mwenzio.

Mama Wawili mimi nitakujibu lile swali la mwisho maana wengi watalikimbia. Kumtoa mtoto shule wiki mbili sio sawa, na nasema hivyo kwa sababu nililelewa kwenye tumbaku. Sisi Urambo mvua zikianza tulikuwa tunahamia kambi porini na wazazi, mpaka Februari majani yanaiva, tunachuma asubuhi, mchana tunashona kwenye fito, usiku mzee anachochea moto kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, na sisi tunalala palepale pembeni. Shule naikuta Aprili. Darasa la tano hilohilo la binti yako, mimi nilitoka wenzangu wanajumlisha sehemu zenye asili moja, nikarudi wanagawanya sehemu kwa sehemu. Katikati hapo palikuwa na mambo mengi na hakuna aliyerudi nyuma kunichukua. Nikawa nanakili tu. Mpaka leo nina miaka arobaini na moja nikipima mbao namwita kijana wangu anisaidie mahesabu ya robo na nusu.

Utasema mimi nilikosa miezi na yeye wiki mbili. Sawa. Lakini mwalimu wa hesabu hasubiri, mada ya leo imekaa juu ya mada ya jana. Na mji wenu ndo una shule aliyosoma Nyerere tangu 1937, wazee walitembea kwa miguu kuja kutafuta elimu Tabora, nyie mnaiacha mnakwenda ufukweni.

Na hili lingine linaniudhi zaidi. Mtoto wa mkulima akikosekana Februari kwa sababu yuko shambani na baba yake anaitwa mtoro, mzazi anaitwa kwa mtendaji. Mtoto wa mjini akienda kutembea anaitwa ana ruhusa. Daftari la mahudhurio ni moja.

---

Mama Wawili Tbr

@Bani la Urambo nimekusoma kaka na imenigusa, hasa hapo kwenye sehemu, maana ndo wanaanza sasa hivi. Sina cha kukupinga kwenye hilo la mtoro.

@Kandambili asante ila hapana. Ndo maana nimekuja hapa. Nikisema bibi mwingine nitakuwa nimeongeza uongo wa pili kuulinda wa kwanza, na mtoto safari hii ana miaka kumi na moja, atajua kabisa ninachofanya.

---

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa msingi huku Kasulu, mwaka wa kumi na sita kazini. Nitaandika kirefu kidogo mnisamehe.

Kwanza sheria. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi ahudhurie bila kukosa mpaka amalize, na mzigo wa kuhakikisha hilo kapewa mzazi. Hiyo haina maana mtoto haruhusiwi kuondoka hata siku moja. Ruhusa ipo, anayeitoa ni mwalimu mkuu, na kwenye rejista aliyeaga na aliyetoroka hawafanani. Kinachotusumbua sisi ni yule anayepotea hafu tunasikia kwa watoto wenzake kwamba yuko Uvinza.

Pili hesabu ya siku. Kalenda yetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka mzima. Wiki mbili ni siku kumi. Inaonekana ndogo lakini weka juu yake malaria, mvua ile ya Machi ambayo nusu ya darasa haiji, siku ambazo mwalimu mwenyewe kaitwa semina. Mimi nina darasa la watoto zaidi ya tisini. Mmoja akirudi baada ya siku kumi siwezi kumkalisha peke yake nimfundishe upya, natamani lakini siwezi, nitamwambia azima daftari la mwenzako unakili. Ndo anachosema Bani la Urambo na yuko sahihi, kunakili sio kuelewa.

Kwahiyo mzazi akija kwangu naangalia mtoto yuko darasa gani. La nne ana upimaji wa taifa Oktoba, la saba ana mtihani Septemba, hao mzazi usinijie na habari za safari katikati ya mwaka, nitakunyima na ukasirike. La tano na la pili Februari, ndo pahala pekee ambapo mtu unaweza kukaa tukazungumza. Naangalia pia mtoto mwenyewe, kama tayari anayumba kwenye kusoma nakwambia subiri.

Tatu, msiba. Wazazi hamjui hii kitu inatufanya nini. Nina barua kwenye kabati za misiba, nyingine najua ni za uongo maana huyo marehemu nilikutana naye sokoni. Sasa anakuja mtoto kafiwa kweli, kakaa kimya nyuma ya darasa, na mimi kabla sijampa pole kuna kitu ndani kinaniuliza, huyu naye? Nilishawahi kumchelewesha pole mtoto aliyefiwa na mama yake mzazi kwa sababu hiyo. Siku mbili nzima. Sijawahi kujisamehe.

Mama Wawili, nenda kwa huyo mwalimu. Usitume barua kwanza, nenda wewe mwenyewe, saa za mapumziko au jioni baada ya vipindi, usimwambie mbele ya walimu wengine. Atakasirika. Mwache akasirike.

---

Bint Ujiji

Hapo kwenye kumzushia mtu kifo mimi mwili umenisisimka. Mwanangu huo ni uchuro. Mtu mzima yuko barazani anachambua mchele wake, huku wajukuu wanachangiwa rambirambi yake, la haula. Sikugombezi, naona umeshajigombeza vya kutosha, lakini hilo usilipite juu juu.

Na kuhusu kuja, njooni. Huyo mama akiwa na miguu ya kuvimba hana Februari nyingi za kusubiri. Mimi wajukuu zangu wako Dar, wanakuja kila "mwakani". Mkubwa alivyokuja mwisho alikuwa anatambaa, sa hivi kaota ndevu, tulivyoonana akaniamkia kama anavyomwamkia mpangaji.

---

Mwisho wa Reli

Mimi ni wa Kigoma hapa Mwanga, nataka nimpe dada habari za upande wa huku maana kama ni kumtoa mtoto shule basi isiwe kwa ajili ya kukaa sebuleni anaangalia TV ya bibi.

Kama mlikuwa mmepanga Gombe, angalieni kwanza. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia msituni kufuata sokwe, kuna kikomo cha umri, waulizeni ofisi za hifadhi kabla hamjawaahidi watoto. Sababu yake ni ya maana, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, mafua ya kawaida ya mtoto yanaweza kuua sokwe. Watu wengi wanafika Kibirizi na watoto wamevaa kofia ndo wanaambiwa, wanarudi wanalia.

Ila kuna mengi. Pale Ujiji makumbusho ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta 1871, na watoto wa Tabora hiyo ni yao kabisa maana Stanley kapitia kwenu, tembe alilofikia liko Kwihara hapo nje ya mji, wapelekeni Kwihara kwanza ndo muwalete Ujiji, watashika njia nzima kichwani. Hafu Liemba. Mwambie binti hiyo meli ilitengenezwa Ujerumani 1913 ikafunguliwa vipandevipande ikaja kwenye masanduku, reli hii hii mtakayopanda ilifika Kigoma 1914, meli ikaungwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui, Waingereza wakaiibua 1924. Sijui mtoto gani atasahau hiyo.

Na mje kwa kuangalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Mkifika wakati wa giza mtakaa ufukweni mtaona ziwa zima linawaka kama kuna mji ng'ambo. Hili nalo lijibiwe na wanaosema kwanini wasingoje likizo ya Juni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, waliokuja likizo ya Juni hawakuona taa hata moja na dagaa waliokula ni wa akiba.

---

Bani la Urambo

Mwisho wa Reli umeandika vizuri na mimi mwenyewe nimetamani kuja. Ila wangapi wanafanya hivyo? Wengi wanamtoa mtoto shule akalale kwa ndugu, anarudi kanenepa tu.

---

Mwisho wa Reli

Kweli kaka, wengi. Nakubali.

---

Kandambili

Mama Wawili ulienda au bado? Tunasubiri.

---

Mama Wawili Tbr

Wakuu nimerudi. Nilikaa kimya siku kumi na moja, mtanisamehe.

Nilienda. Nilifanya kama alivyosema Chaki Nyeupe, jioni, watoto wameshaondoka wamebaki wawili wanamwagilia maua. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari chini ya mwembe, nikamwamkia nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandaa maneno, yote yakapotea. Nikatoa ile karatasi kwenye mkoba nikamwekea juu ya madaftari. Akaisoma. Akasema si hii ni rambirambi ya watoto wangu wa la tatu. Nikamwambia mwalimu, yule bibi hakufa. Yuko hai. Niliandika uongo.

Hakusema kitu. Akachukua daftari akasahihisha. Akachukua la pili akasahihisha. Mimi nimekaa. Kufika la tatu akaweka kalamu chini akaniuliza, unajua nilitoa mimi mwenyewe elfu moja? Sikujua. Haikuandikwa kwenye karatasi. Akaniambia nilimtuma kiongozi wa darasa apite na kikombe dawati kwa dawati, kuna watoto pale walitoa hela ya uji.

Nikalia, na yeye akaniacha nilie. Baadaye akasema njoo kesho kwa mwalimu mkuu na barua ya kweli, na uje na baba yake.

Hapo ndo palikuwa pagumu kuliko kote. Nyumbani mzee alikasirika vibaya sana, ananiambia umetuvua nguo, nani alikutuma, sasa kila mtu pale shuleni atatuona waongo. Nikamwambia ni kwamba tulikuwa waongo baba fulani. Hatukuongea usiku ule. Asubuhi nimeamka nakuta kapiga pasi shati lake jeupe, kalitundika mlangoni.

Mwalimu mkuu hakutupa wiki mbili. Alituuliza maswali mengi tu, mtoto anashika nafasi ya ngapi, mdogo ameshajua kusoma au bado, kwanini isiwe Juni, mzee akamweleza habari ya masoko ya tumbaku. Akasema siku kumi hapana, nawapa tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, ongezeni Jumamosi na Jumapili za pande zote mbili mtapata siku tisa. Darasa la tano wiki hiyo wako kwenye sehemu, kwahiyo mwalimu wa hesabu atampa maswali aende nayo na akirudi atapimwa peke yake. Na rambirambi, akasema hiyo mtamalizana na darasa lenyewe, sio na mimi.

Hiyo barua yenyewe niliandika mistari minne. Naomba ruhusa ya siku tano kwa watoto wangu wawili, kwenda Ujiji kumsalimia bibi yao mzaa baba ambaye yu hai, baba yao anapata likizo mwezi huu tu. Nilipoandika "yu hai" nikasimamisha kalamu kidogo.

---

Chaki Nyeupe

Mwalimu mkuu huyo anajua kazi yake. Hayo maswali ya kwenda nayo msiyaache yakakaa kwenye begi. Saa moja kila asubuhi kabla ya ziwa.

---

Kandambili

Dada naomba radhi kwa ushauri wangu wa mwanzo. Na mimi nina barua mbili za namna hiyo shuleni kwa mwanangu. Mjomba wake mmoja. Leo nimempigia simu huyo mjomba kumsikia tu sauti.

---

Bani la Urambo

Siku tano naziweza. Mdogo wangu safari njema. Ile karatasi ya majina imeishia wapi, na darasa mmemalizana vipi?

---

Mama Wawili Tbr

Tumerudi juzi, naandika huku nawasha cherehani na kuzima maana kazi zimejaa.

Kaka @Bani la Urambo darasa tulimalizana kabla ya kuondoka. Nilinunua penseli boksi kadhaa zikatosha darasa zima, nikaenda nazo, lakini mwalimu akasema na wa kuwaambia ukweli ni nani? Wewe mama ndo uliyeandika. Nikasimama mbele ya watoto zaidi ya themanini nikawaambia mlichanga mwaka juzi kwa ajili ya bibi yake mwenzenu, bibi hakufa, mimi niliwadanganya, mwenzenu hakuwa na kosa, mimi ndo nilimwambia aseme hivyo. Kimya. Hafu mtoto mmoja wa kiume nyuma akauliza, kwahiyo yupo? Nikasema yupo. Akasema aah, afadhali. Na darasa zima likaanza kuongea kwa pamoja, mwenzao wanamgeukia, yukoje, anaishi wapi, karibu na ziwa? Mwalimu akaacha kidogo ndo akagonga meza.

Njiani hapakuwa na shida sana. Hesabu alifanya kwenye treni tangu Kaliua mpaka kulipoingia giza, anaandika mkono unaruka kila behewa likitikisika. Alfajiri tulifika Uvinza wakawa wanatuuzia chumvi dirishani, mdogo akaonja akashangaa kuambiwa inatoka kwenye chemchemi pale pale, sio baharini. Makumbusho tulikwenda, Liemba tuliitazama kwa mbali. Gombe tuliacha kama ulivyotuambia @Mwisho wa Reli, na hakuna aliyelia maana hatukuwaahidi. Usiku wa kwanza mwezi ulikuwa mchanga umezama mapema, taa zikaanza kutoka moja moja Katonga huko, baadaye hazihesabiki. Binti alikaa anazihesabu kwa kumi kumi hafu akamwambia baba yake, zile pale za kushoto ni kama robo ya zote. Nikakukumbuka kaka wa Urambo.

Kapimwa jana. Kapata kumi na nne kwenye ishirini. Wenzake wengi wana kumi na sita na zaidi, kwahiyo pengo lipo, hamkunidanganya. Sa hivi yuko mezani hapa anarudia yale sita aliyokosa, kuna mtoto wa jirani anamwelekeza.

---

Bint Ujiji

Na bibi mwenyewe mlimwambia? Hapo ndo nilikuwa nangoja.

---

Mama Wawili Tbr

Nilimwambia, mama. Baba yao hakutaka, alisema tumwache mzee na amani yake, lakini watoto walikuwa wanajua na nilikuwa naogopa mdogo ataropoka.

Ilikuwa usiku wa tatu, tuko barazani tunachambua dagaa kwenye ungo, umeme umekatika, koroboi katikati. Nikamweleza tangu mwanzo. Hakuacha kuchambua. Nilivyofika kwenye rambirambi akauliza, walichanga shilingi ngapi? Nikamwambia elfu nne na mia mbili, na mwalimu elfu moja. Akasema basi nina deni na watoto wa watu. Akaniuliza majina yao mnayo? Karatasi nilikuwa nayo, sijui kwanini niliibeba, nilikuwa tu sitaki kuiacha nyumbani. Akafuta mikono kwenye kanga, akamwita mjukuu wake asogee karibu na taa amsomee.

Binti akasoma jina moja moja na hela yake. Kila jina bibi anaitikia, Mungu amkuze. Jina lingine, Mungu amkuze. Watu hamsini na moja, hakuruka hata mmoja, dagaa wamekaa kwenye ungo. Kufika chini, binti akasoma jina hafu akasema, huyu alitoa penseli. Bibi akamwambia soma tena huyo.